Mgeni, Jembe na Mwitu: Matunda ya Msituni katika Ukarimu wa Visiwani

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imezoeleka mno katika upwa wa Afrika Mashariki, na aghalabu hutajwa kwa mzaha, kumkumbusha mgeni kwamba ukarimu nao una ukomo wake. Hata hivyo, kwa wakaazi wa visiwa vya Unguja na Pemba jembe hilo lina maana iliyo pana kuliko mzaha. Jembe humtoa mgeni barazani na kumpeleka shamba; na huko shamba, baada ya mgomba wa mwisho na tuta la mwisho la muhogo, huanza mwitu. Aliyefikishwa hapo hahesabiwi tena kuwa mgeni wa kutandikiwa mkeka mpya. Ni ndugu, na ndugu huonyeshwa yale asiyoonyeshwa mpita njia: bungo linaloning'inia juu ya mti usiokuwa wake, mafuu meusi yaliyodondoka chini ya mfuu, kunazi za kandoni mwa njia, na majani machungu ya mchunga ambayo hakuna mwenyeji athubutuye kuyapika siku ya kwanza.

Ukizitazama vizuri siku hizo tatu, utaona kwamba zimebeba historia ya upwa mzima, ila imepangwa kinyumenyume. Siku ya kwanza mgeni hupewa wali. Wali ni chakula cha heshima, lakini si chakula cha kale kuliko vyote. Mpunga unaolimwa visiwani asili yake ni Asia, na ulifika kwa njia ya bahari. Mabaki ya nafaka yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kaskazini mwa Pemba yanaeleza mambo hayo waziwazi. Huko Tumbe, mji uliokuwapo baina ya karne ya 7 na ya 10, wenyeji walitegemea zaidi mawele. Lakini Chwaka, mji jirani uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Kwa hiyo mwenyeji anayempakulia mgeni sahani ya wali huwa anamwonyesha utajiri ulioletwa na majahazi, miji na biashara.

Siku ya pili ni siku ya shamba. Hapo hutoka muhogo wa nazi, ndizi, fenesi, shelisheli, nanasi na mapera. Vyakula hivi vyaonekana ni vya nyumbani kabisa, lakini karibu vyote navyo vilikuja ugenini. Ndizi na fenesi zimetoka Asia. Muhogo, nanasi, pera na bibo asili yao ni Amerika, na vilivuka bahari katika zama za Wareno. Shelisheli limebeba hata jina la visiwa vya jirani. Miti hii ni wageni waliokwisha kupewa jembe. Wamelima wee, hata wamekuwa wenyeji.

Siku ya tatu ndipo mgeni anapokutana na mwitu, yaani tabaka la chini kabisa la historia hiyo, lililokuwapo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.

Si ajabu basi kwamba vitabu vya wasafiri wa kale vimejaa vyakula vya siku ya kwanza na ya pili, na vina uchache mkubwa wa vyakula vya siku ya tatu. Ibn Battuta alipofika upwa huu mwaka 1331 alikirimiwa Mogadishu kwa muda wa siku tatu, akiletewa chakula mara tatu kila siku. Alieleza kwa furaha wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, alipelekewa mavazi ya heshima na kuongozwa msikitini. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Alitaja ndizi, malimau na tunda aliloliita jamuni, lililofanana na zeituni lakini tamu sana. Wengi wa wafasiri wake wanaliona kuwa ni zambarau. Kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Siku ya jembe haikumkuta. Laiti angekaa, pengine bungo nalo lingeandikwa katika vitabu vya dunia karne saba zilizopita.

Kabla yake alikuwapo al-Masudi, aliyesafiri mara ya mwisho kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman mnamo mwaka 916. Wanahistoria wengi wanakifikiria kisiwa hicho kuwa ni Pemba. Yeye alitaja ndizi, mtama, asali na nazi, lakini pia alitaja kitu cha ajabu: mmea ulioitwa kalari, uliochimbwa kutoka ardhini na kuliwa na watu wa pwani. Wataalamu hawakuafikiana juu ya mmea huo. Lakini inatosha kwamba msafiri mmoja, miaka elfu na zaidi iliyopita, aliwaona watu wakichimbua chakula ardhini akaona yafaa kuandikwa.

Wasafiri hao walikuwa wageni wa wafalme na wafanyabiashara. Ndugu ni jambo jingine. Katika maisha ya upwa wa kale, ndugu aliyetoka Hadhramaut, Oman au Lamu hakuweza kuja kwa siku mbili hata kama angependa. Pepo ndizo zilizompangia. Kaskazi ilimleta kuanzia mwezi wa Disemba, akakuta maembe yameiva, na hapakuwa na jahazi la kumrudisha mpaka upepo ugeuke kuwa kusi. Mtu anayekaa nyumbani kwa ami yake kwa miezi mitatu au minne hawezi kulishwa wali kila siku, wala hawezi kukaa barazani mpaka masika. Atakwenda shamba na wenziwe. Atafuatana na watoto wa shangazi yake wanapokwenda kuokota. Hivyo msimu wa pepo ulikuwa pia shule ya mwitu, na mafunzo yalikuwa na walimu wa namna mbili: watoto, ambao ndio mabingwa wa matunda, na kina mama wanaosenya kuni, ambao ndio mabingwa wa majani na mizizi.

Mafunzo hayo yalianza kwa bungo. Mbungo hausimami peke yake. Ni mmea wa kutambaa unaopanda juu ya miti mingine, ukazaa matunda ya duara yenye gamba gumu ambayo huwa ya manjano yakiiva. Mgeni hufundishwa kwanza kwamba bungo halimenywi kama chungwa, bali hupasuliwa. Na kwamba ndani yake mna kokwa zilizovikwa nyama laini yenye nyuzi, ya ukali unaofumba macho. Huliwa kwa sukari, au kwa chumvi na pilipili, au hukamuliwa ikawa sharubati. Jamaa yake wa karibu ni mtoria, wenye matunda madogo na makali zaidi. Mmea huu wa toria ulikuwa na bahati mbaya ya kuwa na utomvu wenye thamani. Katika miaka ya 1870 na baadaye, mpira wa mwituni ulikuwa bidhaa kubwa ya biashara iliyopitia Unguja, na mtoria ndio uliopendwa kuliko mingine. Balozi wa Uingereza hapo Unguja, John Kirk, aliutangaza sana, hata wataalamu wa mimea wakaupa jina lake: Landolphia kirkii. Mtoto wa shamba aliyekuwa akichuma toria tangu zamani hakupata kuulizwa unaitwaje.

Baada ya bungo huja mafuu, ambayo utamu wake mweusi huacha ulimi umetiwa wino. Huja viru, tunda la rangi ya udongo lisilovutia macho, ambalo mgeni hulidharau mpaka alionje. Huja kwamba, vijitunda vyeupe vya mkwamba ambavyo havimshibishi mtu lakini humfanya asihisi urefu wa njia. Huja kunazi, tunda dogo lenye heshima kubwa, kwani majani ya mkunazi hutumika katika kuosha maiti. Mti mmoja basi humlisha mtoto na kumsindikiza mzee. Mjini Unguja mkunazi umeacha jina katika mtaa wa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wengi wapitao hapo leo hawafikiri kwamba wanataja tunda la mwitu.

Na huja ubuyu. Mibuyu mikubwa aghalabu husimama karibu na magofu na makaburi ya zamani, na mgeni akiuliza kwa nini, huambiwa habari za waliokaa hapo. Unga mkavu wa ndani ya buyu, ambao leo hutiwa sukari na rangi ukauzwa madukani, ulikuwa tunda la kumumunywa njiani, bila ya rangi wala bei.

Katika kuyaeleza haya, mwenyeji hodari humtanabahisha nduguye kwamba majina hudanganya. Mfano mzuri ni ukwaju. Waarabu waliuita tende ya Kihindi, tamru hindi, na lugha za Ulaya zikaliiga jina hilo, hata dunia nzima ikaamini kwamba tunda hili ni la Bara Hindi. Kumbe asili ya mkwaju ni Afrika. Ndio uliosafiri kwenda India, ukapendwa huko, kisha ukarudi kwenye vinywa vya watu ukiwa na uraia mpya. Zambarau nalo lilipita njia hiyo kwa upande wa pili: lilitoka Asia ya Kusini likajiotea lenyewe visiwani, hata mtu aliyelikuta porini ataapa kwamba halikupandwa na mtu, na hata rangi yake ikawa neno la Kiswahili. Basi "tunda la mwitu" halina maana ya tunda la asili peke yake. Ni tunda ambalo hakuna anayelidai. Huo ndio msingi wa heshima yake: halina mwenyewe, na kwa sababu hiyo mgeni na mwenyeji huwa sawasawa mbele yake.

Usawa huo una mahali pake hata katika fasihi. Wapenzi wa mashairi hawajasahau habari za Fumo Liyongo, kama zilivyopangwa katika utenzi ulioandikwa Lamu na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Maadui wa Liyongo walipotaka kumuua waliandaa kikoa, yaani shirika la kula kwa zamu, na mti waliouchagua ulikuwa ni mkoma. Kila mmoja alikuwa apande kwa zamu yake kuwaangushia wenziwe koma; na zamu ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alitoa mishale yake akaziangusha koma kutoka chini, wakala, njama ikavunjika. Kisa hiki huelezwa kuwa ni ushahidi wa werevu na shabaha ya shujaa, na ndivyo kilivyo. Lakini kinaeleza pia ukubwa wa khiyana yenyewe. Kula matunda ya mwitu kwa kikoa kulikuwa ni jambo la kuaminiana kiasi kwamba ndipo mahali pekee walipodhani shujaa angeshusha silaha zake. Na mwisho wa Liyongo haukuletwa na mgeni wa mbali, bali na ndugu wa damu, mwanawe mwenyewe, aliyemjia akapokewa nyumbani. Anayemfungulia ndugu mwitu wake humfungulia pia siri za kunusurika kwake.

Siri hizo si za utamu tu, na hapa ndipo mafunzo ya mwitu yanapokuwa jambo la kufa na kupona. Visiwani kuna viazi vya mwituni viitwavyo chochoni. Ni chakula, na ni sumu. Havifai kuliwa mpaka vikatwe, vikaushwe, viroweshwe na kubadilishiwa maji kwa siku kadhaa, na mwenye kuharakisha hudhurika. Kuna pia tapo, mbegu za mtapo, nazo zina sumu na zina taratibu zake. Kadhalika kuna uwanga, mmea wa kiazi kichungu ambacho husagwa, huoshwa mara nyingi na kuchujwa mpaka ubaki unga mweupe. Leo wanafunzi hufundishwa kwamba vyakula vina wanga, protini na mafuta. Wachache hutambua kwamba neno hilo la darasani lilikuwa katika kamusi za zamani pia jina la mmea wa mwituni, uliookoa maisha ya watu walioujua.

Kwani walikuja kuuhitaji. Katika karne ya 19 na ya 20 uchumi wa visiwa ulielekezwa kwenye karafuu, na mchele ukaagizwa kutoka nje, zaidi kutoka Burma. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, mchele ukakatika, na vyakula vikawa vya mgao. Siku hizo wali wa siku ya kwanza ulitoweka mezani, na watu walirudi walikotoka: kwenye mtama, muhogo, na pale ilipobidi, mwituni. Miaka thelathini baadaye, mnamo 1971 na 1972, serikali ilipozuia uagizaji wa vyakula kwa nia ya kuvifanya visiwa vijitegemee, dhiki ilirejea, na Pemba iliionja zaidi. Waliosalimika kwa chochoni hawakusalimika kwa sababu ilikuwapo tu. Walisalimika kwa sababu bibi fulani alikuwa bado anakumbuka idadi ya siku za kuiroweka. Ujuzi huo haukutoka vitabuni. Ulipita kwa mikono, kutoka kwa aliyeonyeshwa kwenda kwa aliyeuliza.

Mwitu wenyewe umepungua sana. Pemba, ambayo Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, ilikuwa na misitu mikubwa kabla ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, macho yote yakaelekea Pemba, na misitu yake ikafyekwa kupisha mashamba. Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, ni sehemu ya mwisho iliyo kubwa ya msitu ule wa zamani. Unguja imebakiwa na Jozani, ambayo pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na ardhi ya maweni upande wa mashariki na kusini, ambako mwitu hukatwa kwa ajili ya kuni, makaa na kuchoma chokaa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliwapa wanavijiji nafasi ya kushiriki katika kuilinda misitu yao, na hilo limesaidia. Hata popo wakubwa wa Pemba, ambao hula matunda na kusambaza mbegu usiku, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikaribia kumalizika kwa kuwindwa, wameongezeka tena baada ya wanavijiji kuanza kuwalinda, kama walivyofanya watu wa Kidike. Mti unaweza kurudi maadamu yupo wa kuupanda, hata akiwa ni popo.

Ujuzi haurudi kwa urahisi huo. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za visiwani zilitawanyika. Wengine walikwenda bara na Mombasa, wengine Dubai na Uingereza, na baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, wengi wakahamia Oman. Kwa muda wa miaka ishirini hivi ziara zilikuwa ngumu. Milango ilipoanza kufunguka katikati ya miaka ya 1980, ndugu walianza kurudi kutazama makaburi ya wazee wao, wakifuatana na watoto waliozaliwa Maskati na waliolisikia bungo kwa jina tu. Watoto hao wana Kiswahili cha nyumbani, lakini hawajapata kumwona mfuu. Wanapofika shamba huuliza maswali ambayo mtoto aliyezaliwa hapo hayaulizi: hili laitwaje, laliwaje, nani alikuonyesha.

Na ajabu ni kwamba mara nyingi mwenyeji kijana hana jibu. Yeye amelelewa kwenye mchele wa dukani na soda, na mwitu ameukimbia, kwa kuwa katika lugha ya siku hizi neno lenyewe limegeuka kuwa tusi. Kitu "cha mwitu" ni kitu kisicho adabu. Hapo huitwa mzee wa nyumba. Mzee hutoka, hushika mkongojo wake, huwatangulia wote wawili, mjukuu wa Maskati na mjukuu wa shamba, na kuwafundisha kwa pamoja.

Hili ndilo lililo thamani zaidi katika ziara za ndugu. Mtalii wa siku moja huonyeshwa mashamba ya viungo, akafungiwa karafuu na mdalasini katika ukindu, akaenda zake ameridhika. Viungo hivyo havina hatari ya kusahauliwa, kwa sababu vina soko. Bungo nalo sasa limeanza kupata soko, na sharubati yake huuzwa mjini kwa fahari. Lakini viru haina soko, kwamba haina soko, na hakuna atakayeuza hesabu ya siku za kuirowekea chochoni. Mambo hayo yana soko moja tu, nalo ni swali la ndugu.

Kuna methali nyingine ya wageni, yenye upole kuliko ile ya jembe: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa desturi hufasiriwa kwamba mgeni huja na baraka, au kwamba kwa ajili yake huchinjwa kuku na wenyeji nao wakala. Tafsiri hizo ni sahihi. Lakini mbele ya mti wa mfuu, pale mzee anapoulizwa jina ambalo hakuna aliyemuuliza kwa miaka mingi, akalikumbuka na kulitamka wajukuu wakasikia, methali hiyo huwa na maana isiyohitaji kuku. Mwenyeji alikuwa anaumwa usahaulifu, na mgeni amemponya.